MASHAMBA YALIYOLALA: JINSI MWITU UNAVYORUDI WENYEWE

Leo yafaa tusome habari za mashamba yaliyolala, yaani yale makonde ambayo mwenyewe ameyaacha kwa kuwa udongo umechoka, au kwa kuwa nguvu zake zimepungua, au kwa kuwa watoto wake wamekwenda mjini ama machimboni. Makonde ya namna hii yako katika kila kitongoji. Mpita njia huyatazama akasema, "Hapa hapana kitu." Neno hilo si kweli, na somo letu la leo ni kuonyesha kwa nini si kweli.

Inama chini utazame. Katikati ya majani utaona visiki vya miti ya zamani, vingine vidogo kama kiganja cha mkono. Mvua zikianza, kila kisiki chatoa machipukizi. Kisha mbuzi wapita, wala machipukizi. Kiangazi kikija, moto wapita, wateketeza yaliyosalia. Mwaka wa pili mambo ni yale yale, na wa tatu vivyo hivyo. Watu wakiona hivyo husema ya kuwa mti hauoti mahali pale. Kumbe mti waota kila mwaka, nasi kila mwaka twauzuia.

1. KWA NINI KISIKI HAKIFI

Mti una sehemu mbili, ile tuionayo na ile tusiyoiona. Mtu akikata shina, amechukua sehemu moja tu. Mizizi yabaki chini, nayo imeweka akiba ya chakula, tena imekwisha kufika mahali penye unyevu. Kwa sababu hiyo chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche uliotoka kitaluni jana. Mche mchanga hauna akiba, na mizizi yake ni mifupi. Kiangazi cha kwanza chaweza kuuua. Chipukizi la kisiki ni kama mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye ghala.

Tena ziko mbegu. Katika udongo wa shamba lililolala mna mbegu nyingi zilizoletwa na upepo, na ndege, na wanyama. Maganda ya mgunga huliwa na ng'ombe na mbuzi, na mbegu nyingine hutoka katika samadi zikiwa nzima, tena tayari kuota. Basi mifugo ile ile inayoharibu machipukizi ndiyo inayopanda miti. Shida haiko katika mnyama mwenyewe, bali katika majira: aingie lini, na atoke lini.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Katika nchi ya Niger, huko Afrika ya Magharibi, alikuwako Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, aliyefanya kazi ya kupanda miti wilayani Maradi. Miche yake mingi ilikufa kwa ukame. Mwaka 1983 alitambua ya kwamba vijiti alivyodhani ni magugu shambani vilikuwa machipukizi ya miti iliyokatwa zamani. Akaanza kuwafundisha wakulima kuyachagua na kuyatunza. Baada ya miaka ishirini hivi, kazi hiyo ilikuwa imeenea katika eneo la hekta milioni 5 hivi, na sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mkono wa mtu.

2. HABARI ZA SHINYANGA

Lakini hatuna haja ya kwenda Niger. Jirani zetu Wasukuma, ng'ambo ya kusini ya Ziwa, wamefanya kazi kubwa ambayo yatupasa kuijua vizuri, pamoja na makosa yake.

Zamani Wasukuma walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mwenye ng'ombe alitenga sehemu ya ardhi yake mvua zilipoanza, asiingize mnyama humo mpaka kiangazi. Majani ya nje yalipokwisha, alifungua ngitili, nao ndama na maksai na ng'ombe wakongwe wakala majani yaliyokauka yakiwa yamesimama. Desturi hii ilikuwa ya malisho, wala si ya miti. Lakini pale ambapo mnyama hakuingia wakati wa mvua, miti nayo ilipata nafasi ya kukua.

Kisha mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, serikali ya kikoloni iliwaita watu kwa maelfu kufyeka vichaka vya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o, na mkuu wa uchunguzi wa mbung'o, Charles Swynnerton, alikuwa na makao yake huko. Sababu ilikuwa kubwa, maana mbung'o huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Baadaye yakaja mashamba ya pamba, na ng'ombe wakaongezeka, na kuni zikatakiwa. Katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijijini, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mlinzi. Nchi ikawa tupu, upepo ukapeperusha vumbi, wanawake wakaenda mbali kutafuta kuni, na wengine wakapikia mavi ya ng'ombe yaliyofaa kuwa mbolea.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliufupisha HASHI. Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Mabwana Misitu walikuja na miche ya kigeni, na mingi haikupata kibali kwa watu. Baadaye wakawauliza wazee, "Zamani ninyi mlifanyaje?" Wazee wakataja ngitili. Tangu hapo kazi ilikwenda mbio, kwa kuwa haikuwa jambo la kufundishwa, bali la kukumbushwa.

Tazama hesabu. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika Mkoa wa Shinyanga, kama mkoa ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012, zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, eneo hilo lilikuwa limepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Nyingine zilikuwa za mtu na jamaa yake, nyingine za kijiji kizima. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria ya kuwa faida ya ngitili ilikuwa dola 14 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa shamba katika Tanzania yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Faida hiyo ilikuwa kuni, miti ya kujengea, majani ya kuezekea, dawa, asali, matunda, na malisho. Mwendo wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 hata 6 kwa siku. Waliohesabu viumbe walikuta aina zaidi ya 150 za miti na mimea, na aina 145 za ndege.

Msomaji, usipite haraka juu ya zile saa 2 hata 6. Mama aliyerudishiwa saa hizo amerudishiwa nusu ya siku yake. Na binti aliyekuwa akifuatana naye amerudishiwa shule yake.

3. AMRI NA MAPATANO

Sasa yatupasa kuuliza: kwa nini Shinyanga ilifaulu? Ili tupate jibu, tuitazame Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma. Huko nako nchi iliharibika sana kwa mmomonyoko, na makorongo yakakata vilima. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika sehemu iliyoharibika, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 85,000 wakatolewa.

Nchi ilipona. Majani yakaota, miti ikarudi, makorongo yakaanza kuzibika. Basi twajifunza ya kuwa ardhi hukubali upesi ikiachwa ipumzike. Lakini watu walikosa maziwa na samadi, na wengine walirudisha ng'ombe usiku kwa siri. Miaka kumi baadaye ndipo watu walipoanza kufundishwa kufuga ng'ombe wachache zizini na kuwakatia majani.

Huko Shinyanga mwenye ng'ombe hakunyang'anywa ng'ombe wake. Aliahidiwa malisho ya kiangazi. Sheria hazikutoka mbali. Zilikatwa katika dagashida, baraza la wazi la Wasukuma, na aliyechungia katika ngitili ya mwenzake alitozwa faini mbele ya watu wanaomjua. Kwa hiyo kila mtu alikuwa mlinzi. Kondoa yatufundisha kwamba ardhi yaweza kupona, nayo Shinyanga yatufundisha jinsi ya kuiponya ardhi bila kumwumiza mwenye ardhi.

Wakurya nao wanalo baraza lao la wazi, iritongo, ambamo watu hukutana kuamua mambo yanayowahusu wote. Hatuna haja ya kuazima dagashida. Chombo tunacho, nasi hukitumia tukiibiwa ng'ombe. Je, kwa nini tusikitumie tunapoibiwa udongo?

Maana udongo waibwa kweli. Mto Mara hutoka katika mwitu wa Mau, nchi ya Kenya, ukapita katikati yetu na kuingia katika Ziwa. Katika miaka ya 1990 na mwaka 2001 sehemu kubwa za mwitu wa Mau zilitolewa zikawa mashamba. Mahali pasipo miti, maji ya mvua hayangoji. Hukimbilia mtoni pamoja na udongo, na mto hujaa upesi na kupungua upesi. Hatuwezi kuamuru mambo ya Mau. Lakini vijito vinavyoingia katika mto Mara kutoka upande wetu hutoka katika vilima vyetu wenyewe, na hapo mwenye kuamuru ni sisi.

4. SHAURI LA SHAMBA LA BABA

Mimi ni karani, na mashauri ya mipaka niliyoyaandika ni mengi. Sehemu kubwa yalianza katika shamba lililolala. Mwenye shamba alikaa kimya, jirani akasogeza jembe hatua mbili kila mwaka, na siku walipofika barazani kila mmoja alikuwa na mashahidi wake. Kwa sababu hiyo watu wengi huogopa kuacha miti iote. Tuseme mzee mmoja na mwanawe wanazungumza:

"Baba, lile konde la kule mtoni limekaa bure. Tumwuzie mchoma makaa visiki vyote, nasi tupate fedha ya mabati."

"Mwanangu, akimaliza visiki, mwaka ujao utamwuzia nini?"

"Lakini Baba, tukiliacha litaitwa pori, na watu watasema halina mwenyewe."

Kijana huyu ana haki ya kuogopa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema ya kwamba ardhi isiyotumiwa kwa lo lote muda wa miaka mitano yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Ila sheria hiyo hiyo huhesabu kupumzisha ardhi kuwa ni matumizi. Basi tofauti ya shamba lililopumzishwa na shamba lililotupwa ni ushahidi. Mzee na amjibu mwanawe hivi: "Twende kwa mwenyekiti wa kijiji. Tuwaite majirani wa pande zote nne, tutembee mpakani mbele yao, na jambo hili liandikwe katika kitabu. Na tuombe hati ya hakimiliki ya kimila." Wakifanya hivyo, miti yenyewe itakuwa shahidi wao, kwa kuwa jirani aweza kusogeza jembe kwa siri, lakini hawezi kusogeza mti.

Na kama ardhi ni ya kijiji kizima, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Hapo kijiji ndicho mwenye nyumba, na Bwana Misitu wa wilaya ni mshauri wake.

5. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, chagua mahali. Usianze na konde zima; anza na eka moja au nusu eka, mahali penye visiki hai, na hasa kwenye mteremko au kando ya kijito.

Pili, patana na watu. Zungumza na mke wako na watoto wako, na ndugu mnaorithi pamoja, na majirani wenye mifugo. Mtu asiyeulizwa leo ndiye atakayefungua ua kesho.

Tatu, zuia moto. Kabla majani hayajakauka, fyeka ukanda kuzunguka eneo lote, upana wa hatua sita au zaidi, na kuuacha mweupe. Kazi hii yarudiwa kila mwaka bila kukosa. Moto mmoja waweza kula kazi ya miaka minne.

Nne, zuia mifugo wakati wa mvua. Kiangazi kikifika unaweza kukata majani na kuwapelekea ng'ombe. Machipukizi yakiisha kupita urefu wa ng'ombe, waweza kuwaingiza kwa kiasi. Mbuzi wangoje zaidi.

Tano, chagua machipukizi. Kisiki kimoja chaweza kutoa machipukizi ishirini, nayo yote yagombania chakula kimoja. Acha matatu, manne au matano yaliyonyoka na yenye nguvu, ukate mengine. Katika yale uliyoyaacha, punguza matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Tumia panga kali, maana panga butu hupasua gome. Vijiti ulivyokata ndizo kuni zako za kwanza. Tazama, umeanza kuvuna kabla mwitu haujarudi.

Sita, panda miche mahali pasipo kisiki wala mbegu tu. Na ukipanda, chagua miti ya kwetu: mkuyu kando ya maji, migunga mahali pakavu. Mgunga ni wa jamii ya kunde, nao hurudisha rutuba katika udongo.

6. MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

Mmoja atauliza, "Je, hamtaturudishia mbung'o?" Swali hili ni la haki, hasa kwetu tulio karibu na hifadhi ya Serengeti. Mbung'o hupenda kivuli kizito na vichaka vilivyosongamana. Basi usiache kichaka kikaribie zizi wala kisima. Punguza machipukizi kama tulivyosema, ili pawe na miti iliyoachana, mtu aweze kupita na kuona mbele. Vichaka vya kigeni kama lantana ving'olewe, maana husonga miti ya kwetu na malisho pia.

Wa pili atauliza, "Na nyani, na nguruwe mwitu?" Kweli watakuja. Kwa hiyo mwitu usishikane na shamba la mahindi. Acha uwazi kati yake.

Wa tatu atasema, "Mimi nimepanda mikaratusi, yatosha." Mkaratusi ni mti wa fedha, na nguzo zake zafaa. Lakini hunywa maji mengi, nao haufai kupandwa karibu na chemchemi. Tena chini yake majani ya ng'ombe huota kwa shida. Uwe na mikaratusi yako kama mtu awavyo na shamba la pamba, ila usiite shamba hilo mwitu.

Wa nne atasema, "Tukirudisha miti, mvua itaongezeka." Huyu naye yafaa tumjibu, ijapokuwa yuko upande wetu. Eka yako moja haitaita mvua, na mtu akikuahidi hivyo, siku mvua ikikosa utaikata miti kwa hasira. Kazi ya miti yako ni kuipokea mvua iliyokuja: kuivunja nguvu isipige udongo, na kuipa nafasi ya kuzama chini ilishe chemchemi. Tena miti huvuta katika shina na mizizi yake ile hewa ya moshi inayozidi kuipasha dunia joto. Kwa kazi hiyo eka moja ni ndogo sana, lakini hekta 300,000 za Shinyanga zilikusanywa kwa eka moja moja.

7. ONYO NA MWISHO

Nimesema ya kwamba Shinyanga nayo ina makosa yake. Wenye ardhi kubwa walipata ngitili kubwa na faida kubwa. Maskini asiye na ardhi alibaki akitegemea ngitili ya kijiji, na pale ambapo ngitili ya kijiji ilikuwa ndogo, au wakubwa wachache waliitumia kama yao, hakupata kitu. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuulinda mwitu, na usiku akienda na panga, ni nani atakayemlaumu? Basi kijiji kinachotaka mwitu wake udumu, na kiamue mapema, tena kwa maandishi: mjane atapata kuni siku gani, asiye na ng'ombe atapata majani ya kuezekea kiasi gani, na fedha ya faini itaingia mfuko gani.

Mwaka wa kwanza utaona majani tu, na watu watakucheka. Mwaka wa pili na wa tatu utaona vichaka. Baada ya hapo utapata kuni bila kutoka nje ya mpaka wako, na ndege ambao watoto wako hawajawahi kuwaona watakuja kutaga. Wazee walisema, mstahimilivu hula mbivu.

Basi, msomaji, jioni hii ukitoka barazani, pita katika lile konde ulilolirithi. Hesabu visiki vyenye machipukizi. Ukikuta kumi, funga kitambaa juu ya kila kimoja, na kesho umwambie mchungaji wako, "Hivi ni vyangu." Kazi imekwisha kuanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

(1) Kwa nini chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche wa kitaluni?
(2) Taja tofauti moja kati ya njia ya Kondoa na njia ya Shinyanga.
(3) Ushahidi gani watenganisha shamba lililopumzishwa na shamba lililotupwa?
(4) Katika kitongoji chako, nani hatapata faida ya mwitu asipokumbukwa barazani?